Mama anasema ni Mungu, wewe unasema ni figo

Msomaji wetu wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia hivi, nami nimemfupisha kidogo:

"Mwalimu, mimi ni fundi wa stima. Mwaka jana tulimzika baba baada ya miaka miwili ya kwenda kusafishwa damu. Sukari ilikuwa imemaliza figo. Mama husema Mungu alimchukua wakati wake ulipofika. Siku moja mbele ya wageni nikamwambia ni sukari iliyomuua, Mungu haingii hapo, na tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Kinachonishinda ni dada yangu. Ni muuguzi, anajua mwili kuliko sisi sote, lakini yuko upande wa mama na kesha ya Ijumaa haimpiti. Mimi kanisa niliacha miaka mitatu iliyopita. Niambie bila kunizungusha: watu wenye akili zao wanaamini kwa nini? Ni woga, ni kukosa elimu, ama tulizoeshwa tu? Mwezi ujao kuna ibada ya ukumbusho na sijaamua kama nitaenda."

Mwanangu, pole kwa baba. Pole pia kwa lile neno lililokuponyoka mbele ya wageni, maana naona linakuuma kuliko unavyokubali. Umenipa majibu matatu nichague. Nitayapitia, ila hakuna hata moja ninalolichukua lilivyo.

La elimu halitatuchelewesha. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na waliosema hawana dini walikuwa 755,750, yaani asilimia 1.6. Waliosoma nchini ni wengi kuliko hao mara nyingi. Ingia chuo kikuu hapa jijini Jumapili asubuhi: ukumbi uliofundishiwa fizikia Ijumaa umejaa vijana wanaoimba, na baadhi yao ndio wanaoongoza katika hiyo fizikia. Na nyumbani kwenu ushahidi unakula nawe ugali, umevaa sare ya uuguzi.

Woga una kitu, lakini si kile watu wanachodhani. Sigmund Freud, daktari wa mambo ya nafsi, aliandika mwaka 1927 kwamba dini ni tamanio la mtoto anayetaka baba wa kumlinda. Sawa, lakini dini nyingi haziliwazi hata kidogo. Mtu anayejitungia faraja hatungi jehanamu, wala hatungi mzimu wa babu unaokasirika kwa sababu mjukuu hakupewa jina lake. Karl Marx naye watu wamemkariri nusu. Wanakumbuka kwamba alisema dini ni afyuni ya watu. Kabla tu ya hiyo afyuni, mwaka 1844, aliandika kwamba dini ni kilio cha kiumbe aliyeonewa, moyo wa ulimwengu usio na moyo. Hayo hayasikiki kama matusi kwangu.

Ukitaka upande wa woga ulio na nguvu, mtafute Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyekaa visiwa vya Trobriand huko Papua New Guinea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliona kwamba wavuvi wakivua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki ni wa uhakika na hakuna hatari, hawana uganga wala makafara. Wakitoka bahari kuu, ambako mtumbwi unaweza usirudi, uganga ni mwingi na una taratibu zake. Watu wa visiwa vilevile. Nenda soko la Marikiti saa kumi alfajiri uwaangalie akina mama mboga wakinunua mzigo ambao hawajui kama utauzika kabla haujaoza, kisha umtazame mtu wa mshahara anayejua tarehe 30 pesa inaingia. Wote wanaweza kuwa waumini. Lakini anayeombea siku yenyewe, kwa jina, akiwa amefunga macho kando ya magunia ya kabichi, mara nyingi utamkuta ni yupi? Pale ambapo mkono wa mtu haufiki ndipo sala inapoanza. Huo sio woga wa mtoto. Ni hesabu ya mtu mzima anayejua mipaka ya jitihada yake.

Sasa tuje kwenu, kwa mama na ile figo.

Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, E. E. Evans-Pritchard, alichapisha kazi yake juu ya Wazande, aliowakuta katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Wazande hujenga ghala za nafaka juu ya nguzo, na jua likiwa kali watu hukaa chini yake kupata kivuli, wakipiga soga. Mara moja moja ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa. Ukimuuliza Mzande kwa nini limeanguka, anakujibu kama fundi: mchwa wamekula nguzo. Hilo analijua kuliko wewe. Lakini ana swali la pili ambalo mchwa hawalijibu. Kwa nini lilianguka saa ile ambapo watu hawa, na si wengine, walikuwa chini yake? Kwa hilo Mzande hutaja uchawi. Sisi wasomi, akasema Evans-Pritchard, tuna mambo mawili yaliyokutana, nguzo iliyoliwa na watu waliokaa, na hatuna la kueleza kwa nini yalikutana. Tunasema ni bahati mbaya, na tunaona tumejibu. (Huyo bwana mwenyewe alibatizwa Mkatoliki mwaka 1944. Wanafunzi wangu huwa hawajui wacheke au wanyamaze nikiwaambia.)

Basi la abiria likipinduka karibu na mji wa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kila aliye matangani anajua breki zilikataa. Hakuna anayebishana na breki. Kinachozungumzwa usiku karibu na moto ni kingine: mbona alikosa basi la saa mbili akapanda la saa tatu? Mbona alirudi nyumbani kuchukua simu? Hayo yanahusu yeye, breki hazina habari naye.

Sasa rudi sebuleni kwenu. Mama hakuwa anatoa ripoti ya kitabibu. Mtu aliyeshinda kwenye benchi la hospitali mara mbili kwa wiki, miaka miwili, akihesabu chumvi kwenye mboga na kupima maji ya kunywa kwa kikombe, haambiwi habari ya figo. Anaijua. Alikuwa anajibu swali la pili, na wewe ukamsahihisha kwa jibu la swali la kwanza. Ndiyo maana ugomvi wenu hauna mshindi. Hamkuwa uwanja mmoja.

Na dada yako? Kuna utafiti ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika somo hili la imani za watu. Rita Astuti na Paul Harris waliuchapisha mwaka 2008, kutoka kwa Wavezo, wavuvi wa pwani ya magharibi ya Madagaska. Watu wazima walisimuliwa kifo cha mtu, kisha wakaulizwa: bado moyo wake unapiga? Bado anaona, anasikia, anamkumbuka mkewe? Wengine walisimuliwa kifo cha hospitalini, maiti ikiwa kitandani. Wengine wakasimuliwa kuhusu jamaa waliomjengea marehemu kaburi. Waliosikia habari ya hospitali walielekea kusema kila kitu kimekoma. Waliosikia habari ya kaburi, wengi zaidi walisema moyo umesimama, ndiyo, lakini yeye bado anajua, bado anakumbuka. Watu wa kijiji kimoja, wenye malezi mamoja. Mazingira ya swali ndiyo yaliyoamua ni ujuzi upi uitwe mbele.

Kwa hiyo usimwone dada yako kama mtu aliyegawanyika, au anayejifanya. Wodini anafunga macho ya maiti na kuandika saa ya kifo. Ijumaa usiku anamtaja baba kwa jina akimwombea. Kazi mbili, lugha mbili, kama unavyoongea Kiswahili sokoni na lugha ya mama ukipigiwa simu kutoka nyumbani, wala hujichanganyi. Ungemkuta amechanganyikiwa kama angeanza kukemea mapepo badala ya kufunga dripu. Hilo hufanyika, na nitalisema baadaye.

Utasikia pia maelezo ya ubongo. Stewart Guthrie mwaka 1993, na Justin Barrett baada yake, walisema akili zetu ziliumbika kuona mwenye nia hata mahali ambapo hayupo: anayedhani kishindo cha kichakani ni simba na kumbe ni upepo hapotezi kitu, anayedhani ni upepo na kumbe ni simba haachi wajukuu. Kwa hiyo tunaona nyuso mawinguni na kusikia hatua koridoni stima ikipotea. Nadharia nzuri, lakini naona inasifiwa kupita kiasi. Inaeleza mtu kushtuka gizani. Haielezi mtu kuamka saa kumi usiku, miaka arobaini mfululizo, kuomba.

Tukitaka hilo, tutazame kwanza neno. Umeniuliza kwa nini watu "wanaamini", na nadhani kichwani mwako una maana ya kukubali kwamba kitu fulani kipo. Neno lenyewe lilitoka mbali na lina ndugu wengi: kuamini, imani, amana, mwaminifu, hata amani, yote ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni mali unayomwachia mtu ukijua hataila. Nikisema "namwamini fundi huyu" sisemi kwamba fundi yupo. Nasema nitampa ufunguo wa nyumba. Na bibi zetu wakisema fulani ni "mtu mwenye imani" hawakuwa na maana kwamba anajua katekisimu. Walisema ana huruma. Mama yako akisema anamwamini Mungu, karibu yote anayosema ni ya aina hiyo. Wewe ukaisikia kama hoja ya kama kitu kipo au hakipo.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefundisha hapa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimulia kisa ambacho sijawahi kukiacha nje ya muhula hata mmoja. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya padri, basi swali likatoka kama: nani aliwafinyanga, kama chungu? Wazee wakasema hawajui, watu huzaliwa na mama zao. Mapadri hawakukubali, lazima kuwe na mfinyanzi. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba wako watu wanaozaliwa wazima, kisha uti wa mgongo ukaugua na kupinda, na anayewafinyanga hivyo ni Rubanga. Padri akafurahi. Jina la kinachopinda migongo likawa jina la Mungu Muumba. Okot alikuwa akiwapiga vijembe wasomi waliowavisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, na mmoja wa waliokuwa mbele ya kidole chake ni John Mbiti wetu wa Kitui, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi. Mimi nilikuwa upande wa Mbiti nikiwa kijana. Siku hizi nimehamia nusu. Swali likija limeshonwa tayari, jibu hulazimika kulivaa, na "kwa nini mnaamini kwamba kuna Mungu?" ni swali la namna hiyo.

Ndugu wa pili ni kusadiki. Wakatoliki huanza kanuni yao hivyo, "Nasadiki". Sasa sikiliza: kusadiki na sadaka nayo ni mzizi mmoja, ule wa ukweli. Unachokisadiki huonekana kwa unachokitoa. Waarabu hawakuhitaji maabara kulijua hilo, lakini watafiti nao walikuja kulieleza. Joseph Henrich aliandika mwaka 2009 kwamba mtoto haokoti imani kwa sababu ya maneno anayoambiwa, maana maneno ni bure na yeyote anaweza kudanganya. Anaangalia mtu mzima anagharimika nini. Anayesema uyoga huu unalika ni mmoja. Anayeula mbele yako ni mwingine.

Hapo ndipo lile jibu lako la tatu, la kuzoeshwa, linapopata nyama. Ndiyo, aliyezaliwa Wajir kwa kawaida atakuwa Mwislamu na wa Murang'a Mkristo, hakuna siri. Lakini kuzoeshwa kwa maneno matupu hakudumu. Naamini kilichomjenga dada yako ni kumwona mama akitoka usiku na baridi ya Julai kwenda kukesha, akifunga, akitoa noti ambayo wote mlijua ilikuwa ya unga. Na jamii zinazojengwa kwa gharama ya namna hiyo hudumu. Richard Sosis na mwenzake walichunguza jumuiya 83 za Marekani ya karne ya 19, watu walioishi pamoja kwa ujamaa wao. Za kidini zilizowadai wanachama mengi zaidi, mavazi, mifungo, kuacha pombe, zilidumu muda mrefu zaidi. Zisizo za kidini, hata zikidai mengi, hazikupata faida hiyo.

Mlango huohuo ndio aliopitia shetani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watu wengi waliniuliza wakati ule: walikuwa wajinga kiasi gani? Nilichojibu hakikuwafurahisha. Jirani akifunga mbele yako, na mtoto wake akafunga, hicho ndicho kithibitisho ambacho akili ya binadamu imezoea kukiheshimu kuliko chote. Gharama inaonyesha kwamba mtu amesadiki. Kwamba anachokisadiki ni kweli, haionyeshi hata kidogo. Ukitaka kumhofia mhubiri, usimpime kwa ukali wa mifungo. Mwangalie anafanya nini na swali la kwanza, lile la mchwa. Anayekuambia uache dawa za sukari, uondoe watoto shuleni, uuze shamba ili pesa umpe yeye kama "mbegu", huyo ameingia kwenye uwanja wa figo akiwa na majibu ya uwanja mwingine. Dada yako, kwa ulivyonieleza, hajafika huko.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Mji huu ulianza 1899 kama kambi ya reli, na karibu kila mtu ametoka mahali pengine penye mlima wake, mti wake mtakatifu wa mugumo, kaburi la babu yake. Mwanaanthropolojia Robin Horton alieleza mwaka 1971 kwamba mizimu ya kijiji hutawala mambo ya kijiji; mtu akitoka kwenda dunia pana, anahitaji Mungu wa dunia pana. Nakubaliana naye, ingawa angeongeza habari ya bili. Ukiugua Umoja, nani atajua? Mwenye nyumba atajua tarehe tano. Wa kanisani watajua Jumapili ya kwanza utakayokosekana, na wa msikitini ukikosa swala ya Ijumaa. Fikiria miaka ile miwili ya baba: nani alichanga, nani alilala na mama hospitalini, nani alipika siku za matanga, ile hema ilitoka wapi? Sijui majibu yenu, lakini nimekaa kwenye kamati nyingi za mazishi katika mji huu, na sijaona nyingi ambazo daftari lake la michango halikuanza na kundi la akina mama wa kanisa au wazee wa msikiti.

Kuna walioigeuza hoja hiyo. Pippa Norris na Ronald Inglehart mwaka 2004 walisema dini hupungua pale watu wanapohisi usalama wa maisha, na wakaangalia nchi kama Sweden na Denmark, ambako ukiugua serikali ndiyo inayokuja. Kama wako sahihi, basi hata kutoamini kuna sababu zake za kijamii, na hakutokani na hoja peke yake. Nakuuliza bila ubaya: miaka mitatu iliyopita, ulipoacha, ni hoja gani ilikushinda? Au kazi zilianza kuingia Jumapili?

Uniwie radhi kwa hilo. Nalitaja kwa sababu watu huchukua somo hili langu kama rungu. Kueleza kwa nini mama anaamini hakuonyeshi kwamba anachokiamini ni uongo, kama ambavyo kueleza nani alikufundisha umeme hakuufanyi umeme kuwa porojo. Wala hakuonyeshi kwamba ni kweli. Kama Mungu yupo, hiyo si kazi ya idara yangu, na nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kujua ninapoishia.

Ibada nenda. Huhitaji kukiri lolote. Wakisema "Amina" nyamaza, hakuna anayehesabu midomo. Na usiende kumwomba mama msamaha kwa maelezo marefu, akina mama wa rika lake hawapendi maelezo. Fika mapema na pikipiki ya viti vya kukodi, kwa sababu vya kanisa havitoshagi, na angalia ile waya ya spika kabla mchungaji hajaishika.